Tendo Lililotua na Tendo Lililo Njiani

Alikuwapo mfalme huko Korea, jina lake Sejong. Watu wake walikuwa na lugha yao, lakini hawakuwa na herufi zao. Aliyetaka kuandika ilimbidi ajifunze herufi za Kichina, maelfu kwa maelfu, na mkulima anayeamkia shambani alfajiri angeupata wapi muda huo? Basi mwaka 1443 mfalme akakamilisha herufi mpya 28, na mwaka 1446 akazitangaza kwa kitabu. Korea Kusini huiadhimisha siku ya herufi hizo kila tarehe 9 Oktoba. Leo tunaziita Hangeul.

Nimeanza na mfalme, wanangu, kwa sababu herufi zake zilichorwa kwa kufuata kinywa cha mtu kinavyofanya kazi. Herufi ya sauti “m” ni kijumba cha pembe nne, ㅁ, nayo ni picha ya kinywa. Herufi ya sauti “g”, ㄱ, ni picha ya ulimi uliojikunja nyuma ukaziba koo. Zishikeni hizo mbili, maana ndizo zitakazotuongoza leo. Mkorea anapotaka kugeuza kitenzi kiwe nomino, mara nyingi huchukua moja kati ya mikia miwili: mkia wa -m, au mkia wa -gi. Wanaojifunza Kikorea hupewa mikia hiyo yote miwili, huambiwa kwamba yote hutengeneza nomino, kisha huachwa wabahatishe. Mimi sitaki mbahatishe.

Tuanze na -m.

Kitenzi cha Kikorea ukikikuta katika kamusi huishia na 다 (da). Kulala ni 자다 (jada). Ondoa da, unabaki na mzizi 자 (ja). Sasa chukua kile kijumba cha ㅁ ukiweke chini ya mzizi: 잠 (jam). Umepata usingizi! Hukuongeza hata silabi moja; umeipa silabi ile ile sakafu. Kuota ni 꾸다 (kkuda), ndoto ni 꿈 (kkum). Kucheza dansi ni 추다 (chuda), dansi yenyewe ni 춤 (chum). Kuchora ni 그리다 (geurida), picha iliyochorwa ni 그림 (geurim).

Nomino hizo hazimwachi mzazi wake. Mkorea husema 꿈을 꾸다 (kkumeul kkuda), yaani kuota ndoto, na 그림을 그리다 (geurimeul geurida), kuchora mchoro. Sisi wa Kiswahili hatushangai: tunaota ndoto, tunaimba wimbo, tunacheza mchezo, kitenzi na mwanawe bega kwa bega. Tofauti ni mahali pa kushona. Sisi hugusa kichwa na mkia pamoja: -cheka inapata ki- mbele na -o nyuma, ikawa kicheko, -cheza inapata m- na -o, ikawa mchezo. Mkorea hagusi kichwa. Kila kitu kwake hutokea mkiani, na wala hana ngeli za kumsumbua baadaye.

Neno moja juu ya matamshi kabla hatujasonga. Mkiona “eo”, fungueni kinywa kati ya “a” na “o”. Mkiona “eu”, tamkeni kama “u” lakini midomo ikiwa imetandazwa, si ya mviringo. Konsonanti zilizoandikwa mara mbili, kama kk au ss, hubanwa kooni. Sikio litazoea.

Mzizi ukiishia kwa konsonanti, ㅁ haiwezi kubandikwa moja kwa moja, hivyo huja na irabu yake: -eum (음). Kucheka, 웃다 (utda), huzaa 웃음 (useum), kicheko. Kuamini, 믿다 (mitda), huzaa 믿음 (mideum), imani. Kufa, 죽다 (jukda), huzaa 죽음 (jugeum), kifo. Ipo mizizi inayogeuka kidogo njiani: kusaidia ni 돕다 (dopda), lakini msaada ni 도움 (doum), ile “b” imeyeyuka.

Halafu kuna mizizi inayoishia kwa ㄹ, sauti ya “l”. Hapa ㅁ haitafuti irabu. Hujibana kando ya ㄹ palepale chini. Kuishi, 살다 (salda), huzaa 삶 (sam), maisha. Litazameni neno hilo. Herufi nne zimepakatana katika mraba mmoja, na unapolitamka ile “l” haisikiki, lakini kwenye karatasi haitoki. Kutengeneza, 만들다 (mandeulda), kwa kanuni hiyo hiyo huandikwa 만듦. Wakorea wenyewe hulikosea neno hilo mara kwa mara, wakaisahau ㄹ kwa kuwa hawaisikii. Kwa hiyo anayejifunza akiliandika sawasawa ana haki ya kujivunia.

Sasa ingieni jikoni, maana hapa ndipo -m inapojieleza vizuri kuliko katika vitabu vingi vya sarufi. Kukaanga kwa mafuta mengi ni 튀기다 (twigida). Kile kilichotoka kwenye mafuta na kuwekwa sahanini ni 튀김 (twigim). Kukaanga kwa mafuta kidogo huku unageuzageuza ni 볶다 (bokda), na chakula chake ni 볶음 (bokkeum). Kupika kwa mvuke ni 찌다 (jjida), na chakula chake ni 찜 (jjim). Kuchanganya kwa kukorogakoroga ni 비비다 (bibida), na wengi wenu mmeshalisikia jina la wali wenye mboga, yai na pilipili, unaochanganywa mezani: 비빔밥 (bibimbap). Bibim ni kile kitendo cha kuchanganya kikiwa kimevaa ㅁ, na bap ni wali. Mtu akiijua mikia hii, orodha ya vyakula katika mkahawa wa Kikorea haiwi tena fumbo: anasoma vitenzi vilivyomaliza kazi yake na kuwa chakula.

Hapo ndipo siri ilipo. Mkia wa -m huangalia tendo lililotua. Moto umezimwa, chakula kiko sahanini; mtu amelala, usingizi upo; mtu amechora, picha ipo ukutani. Semeni “ja”: midomo iko wazi. Semeni “jam”: midomo imefungwa. Mimi huwaambia wanaojifunza waikumbuke hivyo, midomo ikifungwa tendo limetua. Hiyo si kanuni ya wanasarufi, ni njia ya kukumbuka tu, lakini inafaa.

Na -gi je?

Twendeni shuleni. Kusoma ni 읽다 (ikda), na somo la kusoma ni 읽기 (ilgi). Kuandika ni 쓰다 (sseuda), na somo lake ni 쓰기 (sseugi). Kusikiliza, 듣기 (deutgi). Kuzungumza, 말하기 (malhagi). Kwa miaka mingi vitabu vya lugha katika shule za msingi za Korea Kusini viligawanywa kwa majina hayohayo. Wageni wanaofanya TOPIK, mtihani wa Kikorea ulioanza mwaka 1997, hukutana nayo pia: ngazi ya kwanza ina deutgi na ilgi, ngazi ya pili inaongeza sseugi. Hata hesabu ni ukoo wa -gi: kujumlisha ni 더하기 (deohagi), kutoa ni 빼기 (ppaegi), kuzidisha ni 곱하기 (gopagi), kugawanya ni 나누기 (nanugi).

Tokeni uwanjani. Mbio ni 달리기 (dalligi), kutoka 달리다 (dallida), kukimbia. Kuruka kamba ni 줄넘기 (julleomgi): kamba, kisha kuvuka, kisha -gi. Kuvuta kamba ni 줄다리기 (juldarigi), mchezo ambao vijiji vya Korea viliucheza kuombea mavuno mema, na ambao mwaka 2015 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, pamoja na michezo ya namna hiyo ya Kambodia, Ufilipino na Vietnam. Kurusha tiara ni 연날리기 (yeonnalligi). Kuchezesha pia kwa kuichapa ni 팽이치기 (paengichigi).

Nataka mtazame kwa makini mbio na miruko ya shule. Kuruka chini ni 멀리뛰기 (meollittwigi). Meolli ni “mbali”, ttwigi ni kuruka: kuruka mbali. Kuruka juu ni 높이뛰기 (nopittwigi), na nopi hapa ni “juu”. Mbio za masafa marefu, 오래달리기 (oraedalligi), ni kukimbia kwa muda mrefu. Maneno hayo ya mbele, mbali, juu, kwa muda mrefu, ni vielezi. Na kielezi, kama mlivyofundishwa, hueleza kitenzi. Kingefuata nini hapo mbele ya nomino, kama kitenzi kisingekuwa hai bado ndani yake? Hiyo ndiyo tabia ya -gi. Inakipa kitenzi nafasi ya nomino katika sentensi bila kukitoa roho. Bado kinakimbia, bado kinaruka.

Kiswahili kinakijua kiumbe cha namna hii, nacho ni ku-. Tunasema “kusoma vizuri”, kwa kielezi, na pia tunasema “kusoma kwake” kana kwamba ni kitu anachokimiliki mtu. Ndiyo maana kwa Mswahili -gi haipaswi kuwa ngumu. Sikilizeni jinsi zinavyofuatana. 먹기 전에 (meokgi jeone): kabla ya kula. 비가 오기 시작했다 (biga ogi sijakhaetda): mvua imeanza kunyesha. 일어나기 싫다 (ireonagi silta): sitaki kuamka. 찾기 쉽다 (chatgi swipda): ni rahisi kupata. Popote pale tunapoiweka ku- baada ya “kabla ya”, “anza”, “sitaki”, “ni rahisi”, Mkorea anaweka -gi mwishoni. Mazingira yote hayo yana jambo moja: tendo halijatua. Unalingoja, unaliogopa, unalianza, unalipima ugumu wake.

Kama bado hamjaniamini, ichukueni simu. Hapa ndipo ninapopapenda kuliko mahali pote, kwa sababu ushahidi uko mkononi mwenu na haukuandikwa na mwalimu yeyote.

Mtu akiweka simu au kompyuta katika Kikorea, vitufe vingi vya kubonyeza humjia na -gi. Kufungua: 열기 (yeolgi). Kufunga: 닫기 (datgi). Kutafuta: 찾기 (chatgi). Kuona zaidi: 더보기 (deobogi). Kubandika maandishi uliyoyanakili: 붙여넣기 (buchyeoneoki), yaani kubandika na kutia. Kitufe ni tendo linalokungoja wewe, hujakibonyeza, halijatokea. Lakini pale kifaa kinapotoa taarifa ya hali ilivyo, mkia hubadilika. Barua pepe iliyokwisha kusomwa huwekewa alama ya 읽음 (ilgeum), “imesomwa”, na ambayo haijasomwa 읽지 않음 (ikji aneum). Mahali pasipo na kitu huandikwa 없음 (eopseum), “hakuna”. Taa au huduma iliyowaka huandikwa 켜짐 (kyeojim) au 켬 (kyeom). Kitufe cha kuiwasha ni 켜기 (kyeogi). Kitenzi ni kile kile, kuwasha. Kikiwa na -gi kinasema: hebu washa. Kikiwa na -m kinasema: imewaka.

Kitenzi kimoja, ikda, kina ilgi na ilgeum. Moja ni kazi iliyo mbele yako, nyingine ni taarifa kwamba kazi imekwisha. Sijui maelezo ya darasani yaliyo mafupi kuliko hayo.

Watoto wa Korea huikuta tofauti hiyo wakiwa wadogo sana. Sheria zinazobandikwa ukutani huandikwa kwa -gi: 손 씻기 (son ssitgi), kunawa mikono, 복도에서 뛰지 않기 (bokdoeseo ttwiji anki), kutokimbia koridoni. Orodha ya mambo ya kufanya huandikwa kwa -gi pia: 숙제하기 (sukjehagi), kufanya kazi ya nyumbani. Ikishafanyika, kwenye daftari la kumbukumbu huandikwa 숙제 다 함 (sukje da ham), “kazi ya nyumbani imefanywa yote”. Na mtoto akipata cheti cha kufanya vizuri, mstari wa mwisho huenda ukaishia na 수여함 (suyeoham), “kimetunukwa”. Matangazo ya serikali, kumbukumbu za vikao, ripoti za ofisi, na hata ujumbe wa vijana mitandaoni, hupenda kufunga sentensi nzima kwa -m. Sentensi inakuwa fupi, haina haja ya viambishi vya heshima, na inasomeka kama jambo lililothibitishwa.

Sentensi kamili nazo hugawana kazi kwa namna hiyo. 비가 오기를 기다린다 (biga ogireul gidarinda): ninangoja mvua inyeshe. Kungoja, kutumaini na kuomba huita -gi. 비가 왔음을 알았다 (biga wasseumeul aratda): nilitambua kwamba mvua imenyesha. Kujua, kutambua, kugundua, kukiri huita -m, kwa sababu huwezi kutambua jambo ambalo halipo.

Msiishike kanuni hii kwa ukali kupita kiasi. Kuna 때문에 (ttaemune), “kwa sababu ya”, ambayo hukaa na -gi hata kama jambo limeshapita: 비가 왔기 때문에 (biga watgi ttaemune), kwa sababu mvua ilinyesha. Kuna majina ya vipimo kama 크기 (keugi), ukubwa, na 밝기 (balgi), mwangaza, ambayo hayangoji chochote. Lugha ina historia, na historia huacha mabaki. Katika karne ya 15, wakati wa mfalme wetu, mkia wa -gi ulikuwa haba sana. Kazi kubwa ilifanywa na mkia wa ukoo wa -m. Karne zilivyopita, -gi ikapanuka ikachukua maeneo ambayo zamani hayakuwa yake.

Na enzi hizo za Sejong kulikuwa na jambo jingine linalonifurahisha. -m zilikuwa mbili. Nomino kamili zilipata mkia mmoja, na kitenzi kilichokaa tu kwa muda katika nafasi ya nomino kilipata mkia wenye irabu tofauti, -om au -um. Jicho liliweza kuzitofautisha. Leo zimefanana, na ndipo wanafunzi wanapopotea. Chukueni 잠 (jam). Nikisema 깊은 잠 (gipeun jam), “usingizi mzito”, nimetumia kivumishi. Jam hapo ni nomino iliyokomaa, ina ukurasa wake katika kamusi. Lakini katika daftari mtu anaweza kuandika 일찍 잠 (iljjik jam), “nimelala mapema”. Iljjik ni kielezi. Jam hiyo ya pili ni kitenzi kilichovaa vazi la nomino kwa ajili ya sentensi moja, kesho hakimo katika kamusi. Mkitaka kujua mko na ipi, tazameni neno lililotangulia: ni kivumishi au ni kielezi?

Pale mzizi unapoishia kwa ㄹ, mara nyingi tofauti hiyo bado inaonekana kwa macho hata leo. Kuganda ni 얼다 (eolda). Barafu, nomino kamili ya tangu zamani, ni 얼음 (eoreum), ina silabi mbili. Lakini ukitaka kuandika kwa kifupi kwamba maji yameganda, unafuata kanuni niliyowapa ya ㄹ, na unapata 얾, silabi moja. Kulia kwa machozi ni vivyo hivyo: kilio ni 울음 (ureum), “amelia” ya daftarini ni 욺. Barafu unaweza kuitia kwenye kikombe, 얾 huwezi.

Sasa rafiki wa tatu, ambaye si mkia. Anaitwa 것 (geot), maana yake kitu au jambo. Katika mazungumzo ya kila siku yeye ndiye anayesikika sana kuliko wote, tena watu humfupisha wakasema 거 (geo). Kazi yake ni kusimama nyuma ya sentensi nzima na kuibeba. Na kwa kuwa kitenzi kilicho mbele yake kinaweza kuonyesha wakati, geot anaweza kusema kile ambacho -gi hushindwa kukisema kwa wepesi. 먹는 것 (meongneun geot) ni kula, au kile kinacholiwa. 먹은 것 (meogeun geot) ni kilicholiwa. 먹을 것 (meogeul geot) ni kitakacholiwa, yaani kitu cha kula. Ukiwa na njaa nyumbani kwa Mkorea, hilo la mwisho ndilo la kuuliza.

Geot huwaokoa wanaoanza katika sentensi ambayo karibu kila mwanafunzi huivunja, ile ya kujitambulisha. Mwalimu anauliza unapenda kufanya nini wakati wa mapumziko. Mwanafunzi anasema 제 취미는 책을 읽어요 (je chwimineun chaegeul ilgeoyo). Ni kama kusema “ninachokipenda ni ninasoma vitabu”. Mswahili hasemi hivyo. Anasema “ni kusoma vitabu”, kwa sababu baada ya “ni” panatakiwa jina. Kikorea kinataka vivyo hivyo. Sema 책 읽기예요 (chaek ilgiyeyo), fupi na safi kama jina la somo, au 책을 읽는 거예요 (chaegeul ingneun geoyeyo), ndefu kidogo na ya mazungumzo. Zote mbili ni sahihi. Ukiwa na sentensi ndefu yenye mtu, mahali na wakati, mchague geot. Ukiwa na orodha au kichwa cha habari, ichague -gi.

Vipo viambishi vidogo ambavyo havitumiki kwa kila kitenzi, ni vya kukariri tu. -i hutoa 놀이 (nori), mchezo, kutoka 놀다 (nolda), kucheza. Na 목걸이 (mokgeori), mkufu, yaani kitundikwacho shingoni. -gae na -ge hutoa vifaa: kufuta ni 지우다 (jiuda), kifutio ni 지우개 (jiugae), kufunika ni 덮다 (deopda), kifuniko ni 덮개 (deopgae), kuruka angani ni 날다 (nalda), na bawa ni 날개 (nalgae), kifaa cha ndege cha kurukia.

Lakini kimoja nitakaa nacho. Kubeba mgongoni ni 지다 (jida). Weka ㅁ, unapata 짐 (jim), mzigo. Weka -ge, unapata 지게 (jige), fremu ya mbao yenye mikanda ya mabegani ambayo mkulima wa Korea alibebea kuni, mpunga na majani ya ng’ombe kwa vizazi vingi. Katika vita vya Korea, 1950 hadi 1953, wapagazi wa Kikorea walipanda nazo milima ambayo magari hayakuiweza, wakapeleka risasi na chakula mstari wa mbele na kuteremsha majeruhi. Kitenzi kimoja kimezaa mzigo na chombo cha kuubebea, na mtu anayejua mikia hii huona undugu wao bila kuambiwa.

Tahadhari mbili, kisha niwaache. Si kila “gi” iliyo mwishoni ni mkia wetu. Eropleni ni 비행기 (bihaenggi) na mashine ya kufulia ni 세탁기 (setakgi). “Gi” hiyo ni neno lenye asili ya Kichina, maana yake mtambo. Shajara ni 일기 (ilgi), nayo kwa herufi za Kilatini huandikwa sawasawa na ilgi ya kusoma, 읽기, ingawa Mkorea hulibana lile la pili, “ilkki”. Ndiyo sababu nawasihi msijifunze Kikorea kwa herufi za Kilatini peke yake. Na si kila “m” nayo. 바람 (baram) ni upepo, na huo haukutoka kwenye kitenzi. Lakini 바람 nyingine, yenye tahajia ile ile, ni matumaini, mtoto wa 바라다 (barada), kutumaini.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Wekeni simu zenu katika Kikorea kwa saa moja. Kabla ya hapo kumbukeni neno 언어 (eoneo), lugha, maana ndilo litakalowaonyesha njia ya kurudi. Tafuteni vitufe vya -gi na taarifa za -m. Kisha kila asubuhi andikeni mambo matatu ya kufanya kwa -gi, na jioni yale yaliyotimia yageuzeni yawe ya -m. Lisilotimia liacheni na -gi yake mpaka kesho. Anzeni na 숙제하기.